Pamba, Shashi na Sodo: Soko Kubwa Tulilowaachia Wageni

CHUKUA glasi ya maji, kisha chomoa kipande kidogo cha ile pamba uliyoihifadhi nyumbani kwa ajili ya vidonda na ukidondoshe majini. Anza kuhesabu. Ikiwa ni pamba halisi ya hospitali, itanyonya maji na kuzama kabla ya sekunde 10 kwisha. Hicho ndicho kipimo kilichomo katika kitabu cha viwango vya dawa cha Uingereza, ambacho madaktari na wafamasia wa nchi hii wamekitegemea tangu zamani. Lakini ikiwa pamba yako inaelea juu kama bata, basi uliuziwa kitu kingine.

Mimi nilifundishwa kipimo hicho nikiwa mwanafunzi, nikakifanyia mtihani, halafu nikakisahau. Kilinirudia miaka kadhaa iliyopita kwa njia chungu.

Mzee mmoja, fundi wa viatu, alikuja katika kliniki yangu hapa Nairobi akiwa na kidonda kwenye unyayo. Alikuwa akiugua kisukari, na kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa kisukari si jambo la kuchezea. Nilimwagiza aje kila baada ya siku mbili asafishwe na kufungwa upya. Siku hizo nilikuwa nimenunua katoni nzima ya shashi, ile ambayo wauguzi huiita gozi, kutoka kwa muuzaji wa jumla katikati ya jiji aliyeniuzia kwa karibu nusu ya bei ya kawaida. Nilifurahi sana. Kodi ya nyumba ilikuwa imepanda na kila shilingi niliyookoa ilikuwa na kazi yake.

Aliyegundua ni muuguzi wangu. "Daktari, hii gozi hainyonyi," aliniambia. "Usaha unabaki chini, na nyuzi zinabaki ndani ya kidonda." Tukaleta glasi ya maji. Kile kipande kilielea mpaka tukachoka kuhesabu.

Mzee yule alikatwa kidole kimoja cha mguu. Siwezi kuapa kwamba shashi ndiyo iliyosababisha, kwa sababu sukari yake ilikuwa juu na mishipa ya damu ya miguuni ilikuwa imedhoofika. Ninachokijua ni kwamba kwa muda wa wiki tatu nilifunika kidonda chake kwa kitambaa kisichofaa hata kupangusia meza, na kwamba pesa nilizookoa zisingetosha kumnunulia hata jozi moja ya viatu anavyoshona.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama vitambaa vya hospitali kwa jicho jingine. Wakenya wanapozungumza juu ya biashara katika sekta ya afya hutaja dawa, mashine za kupiga picha na hospitali za kibinafsi. Ni nadra kumsikia mtu akitaja kitambaa. Ilhali binadamu hupokewa duniani kwa kitambaa, hufungwa majeraha kwa kitambaa, hulazwa juu ya kitambaa, na akifa hufunikwa kwa kitambaa. Ziongeze sodo, nepi, barakoa, majoho ya chumba cha upasuaji, bendeji, plasta, vyandarua, na nyuzi za kushonea majeraha. Vyote hivyo ni vitu vinavyotumika leo na kutupwa au kuchakaa, kisha kesho vinahitajika tena. Mashine ya picha hospitali huinunua mara moja kwa miaka mingi. Shashi huisha kila siku.

Iwapo umewahi kulazwa au kumpeleka mama kujifungua katika hospitali ya umma, huhitaji kuelezwa zaidi. Ni kweli kwamba Juni 2013 serikali ilitangaza kuwa kujifungua katika hospitali zake kungekuwa bure. Hata hivyo, mama wengi bado hupewa orodha: pamba, sodo kubwa za uzazi, leso mbili au tatu, beseni, nguo za mtoto. Mwenye jeraha huandikiwa kikaratasi aende akanunue gozi na bendeji katika duka la dawa ng'ambo ya barabara. Shuka lililolowa damu wakati mwingine halina la kulibadili, hivyo jamaa wa mgonjwa hutandika leso waliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Mambo haya si ya mapambo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba kati ya kila wagonjwa 100 wanaolazwa katika nchi maskini na zile za kipato cha kati, 15 hupata angalau ambukizo moja humo humo hospitalini. Katika nchi tajiri idadi hiyo ni 7. Mikono isiyonawishwa ndiyo mshtakiwa mkuu, sikatai. Lakini shuka lisilobadilishwa, joho lililotoboka na shashi iliyofunguliwa tangu jana nao wamo kizimbani.

HESABU

Hebu tupige hesabu ya kijijini, mimi nawe. Sensa ya 2019 ilituhesabu Wakenya milioni 47.6, na zaidi ya nusu walikuwa wa kike. Tuseme ni milioni 10 tu walio katika umri wa kupata hedhi, na kwamba kila mmoja anatumia sodo 16 kwa mwezi. Hizo ni sodo milioni 160 kila mwezi, karibu bilioni mbili kwa mwaka. Watoto zaidi ya milioni moja huzaliwa nchini kila mwaka. Kila mama akibeba gramu 400 za pamba kwenda kujifungua, tayari hizo ni tani 400, nasi hatujagusa mgonjwa mwingine yeyote. Mtoto anayevalishwa nepi tano kwa siku humaliza 150 kwa mwezi, na hatoki kwenye nepi kabla ya kutimiza mwaka mmoja na nusu au miwili.

Bila shaka mfanyabiashara mwerevu ataniuliza: wangapi kati ya hao wanaweza kulipa? Ni swali la haki, na mimi kama daktari nalijua jibu lake kuliko ninavyopenda. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba msichana mmoja kati ya kila kumi wa umri wa miaka 15 waliohojiwa alikuwa amefanya mapenzi ili apate pesa za kununua sodo. Soma sentensi hiyo tena, msomaji, hasa ikiwa una binti. Hitaji lipo, na ni kubwa. Kinachokosekana ni bidhaa iliyo kwenye bei ambayo mfuko wa mama muuza mboga unaweza kuifikia.

Serikali haikukaa kimya kabisa. Mnamo 2004 Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwenye sodo, miaka mingi kabla ya mataifa mengi tajiri kufikiria jambo kama hilo. Juni 2017 sheria ya elimu ya msingi ilirekebishwa ili kila mwanafunzi wa kike aliyebaleghe apewe sodo bila malipo. Ugavi wenyewe umekuwa wa kusuasua. Muulize mwalimu yeyote. Lakini kwa mwenye kiwanda, sheria kama hiyo ina maana moja kubwa: kuna mnunuzi mmoja, serikali, anayelazimika kununua mwaka baada ya mwaka.

Kuna kisa kimoja cha kihistoria ambacho hunifurahisha. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya Kimberly-Clark ya Marekani ilitengeneza vifungio vya majeraha kwa kutumia nyuzi laini za mbao, kwa kuwa pamba ilikuwa haba. Nyuzi hizo zilinyonya damu kuliko pamba. Wauguzi waliokuwa vitani wakaanza kuzitumia kwa shughuli zao za kila mwezi bila kumwomba mtu ruhusa. Vita vilipokwisha, kampuni ilibaki na shehena isiyo na majeruhi wa kuitumia, na mnamo 1920 ikaanza kuuza sodo za Kotex. Soko hilo liligunduliwa na wauguzi, si na mabwana wa kampuni. Ningependa wawekezaji wetu wawe na mazoea ya kuketi na wauguzi kabla ya kwenda benki.

PAMBA IKO WAPI?

Msomaji atashangaa: si tunalima pamba? Tunalima, au niseme tulikuwa tukilima. Busia, Siaya, Homa Bay, Kitui, Makueni, Baringo, Tharaka, Lamu na Tana River ni maeneo ya pamba. Kilimo hicho kilifikia kilele katikati ya miaka ya themanini, kisha kikaanguka. Wakulima walicheleweshewa malipo, masoko yakafunguliwa, mitumba ikaingia kwa marobota, na viwanda kama KICOMI cha Kisumu vikafunga milango. Rivatex ya Eldoret nayo ilianguka, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kuzinduliwa upya mnamo 2019 ikiwa na mitambo mipya.

Lakini kuwa na pamba shambani si sawa na kuwa na pamba ya hospitali. Pamba ikitoka shambani ina nta ya asili inayoikinga na mvua. Nta hiyo ndiyo iliyofanya shashi yangu ielee. Ili iondoke, pamba huchemshwa ndani ya magadi makali chini ya shinikizo, kisha hung'arishwa kwa dawa, halafu husuuzwa mara nyingi mpaka kusibaki chembe ya kemikali. Kazi hiyo inakula maji, inakula umeme, na majitaka yake hayawezi kumwagwa mtoni hivi hivi. Baadaye huja kufuma, kukata, kufungasha, na kuua viini kwa mvuke au kwa gesi. Mtambo unaofanya hayo yote hauleti faida usipofanya kazi usiku na mchana. Ndiyo sababu India na Uchina, zenye viwanda vikubwa mno, zinaweza kutuletea shashi kwa bei ambayo fundi wetu hawezi kuikaribia. Miongoni mwa mizigo hiyo mizuri hupenya na ile kama katoni yangu.

Sodo na nepi nazo zina hadithi yake. Wengi hudhani ndani yake mna pamba. Nyingi hazina. Mna nyuzi laini za mbao, unga wa kemikali unaonyonya maji na kugeuka kama uji mzito, na juu yake kitambaa chepesi cha plastiki ambacho hakikufumwa bali kilibanwa kwa joto. Vipo viwanda hapa nchini vinavyounganisha vitu hivyo, lakini sehemu kubwa ya malighafi inakuja kwa meli. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kiwanda cha sodo kitamwokoa mkulima wa pamba wa Busia, mwombe akuonyeshe hesabu zake. Jirani zetu wa Uganda walijaribu njia nyingine: Dkt Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni sodo ziitwazo MakaPads zinazotengenezwa kwa mafunjo na karatasi kuukuu. Hapo malighafi inaota kando ya kinamasi.

Mwaka 2020 tulipata somo ambalo nahofia tumeanza kulisahau. Mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 alitangazwa nchini tarehe 13 Machi. Katika majuma machache mataifa kadhaa yalizuia barakoa zao zisitoke nje. Mimi binafsi nilivaa barakoa moja siku tatu mfululizo, nikiianika dirishani usiku. Hapo ndipo kiwanda cha nguo cha kaunti ya Kitui, KICOTEC, kilipogeuza cherehani zake na kushona barakoa kwa maelfu. Rivatex ikafanya vivyo hivyo, na viwanda vya mavazi ya kuuzwa nje vilivyoko Athi River vikafuata. Waliokuwa wakisema Kenya haiwezi walinyamaza.

Kisha ikaja sakata ya ununuzi wa vifaa vya Covid-19 vya thamani ya shilingi bilioni 7.8, ambayo Mkaguzi Mkuu wa Serikali aliichunguza. Bidhaa zilinunuliwa kwa bei ya kuruka na nyingi zikabaki ghalani. Mikono ya kushona tulikuwa nayo. Tulikosa mnunuzi mwaminifu.

ARUSHA

Tofauti ya mnunuzi mwaminifu na asiye mwaminifu unaweza kuiona ukivuka mpaka wa Namanga. Kiwanda cha A to Z cha Arusha kilikuwa kiwanda cha nguo za kawaida. Mwaka 2003 kilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset, vile ambavyo dawa ya mbu imo ndani ya uzi wenyewe, kwa ujuzi kutoka kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani. Kwa muda mfupi kikawa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa vyandarua barani Afrika, kikiajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake. Watanzania hawana uchawi. Ujuzi waliupata, mkopo waliupata, na zaidi ya yote walikuwa na wanunuzi kama UNICEF walioagiza kwa wingi na kulipa.

Kulipa ndilo neno. Nina mgonjwa mmoja, mama wa miaka hamsini na kitu, fundi wa cherehani, ambaye nilimtibu presha kwa muda mrefu bila mafanikio. Dawa nilibadilisha, chumvi akapunguza, lakini kipimo kilikataa kushuka. Siku moja nikamuuliza, "Mama, unalala vizuri?" Akacheka kidogo, kisha akalia.

Yeye na wenzake watano walikuwa wameshinda zabuni ya kushonea hospitali moja ya umma mashuka na majoho ya wagonjwa. Ilikuwa moja ya zabuni za asilimia 30 ambazo tangu 2013 zimetengewa vijana, wanawake na walemavu. Walikopa, wakanunua vitambaa, wakashona mchana na usiku, wakapeleka mzigo ukapokewa kwa shangwe. Malipo yalichukua miezi 14. Katikati ya kungoja waliuza cherehani mbili, na mmoja wao akajitoa akidai amedanganywa. "Kila nikienda naambiwa faili iko kwa mhasibu," alinieleza. "Daktari, mimi najua kushona. Kufuata faili sijui."

Sijui dawa ya presha inayoweza kushindana na mkopo wa aina hiyo. Na ikumbukwe kwamba hata KEMSA, shirika linalosambaza dawa na vifaa kwa hospitali za umma, limekuwa likizidai kaunti mabilioni ya shilingi. Ikiwa shirika la serikali linangojea, fundi wa mtaani atafanyaje?

Hata hivyo bado nasema soko lipo, na ningekuwa na mtaji mdogo ningejua pa kuanzia. Singeanza na shashi ya kuua viini; hiyo waachiwe wenye mitambo na mifuko mirefu. Ningeanza na mashuka. Hospitali inayojiheshimu huhesabu angalau mashuka matatu kwa kila kitanda, moja kitandani, moja kwa dobi na moja stoo, na nyingi hazina hata mawili. Ningeshona majoho, vitambaa vya kufunika mgonjwa wakati wa upasuaji, nguo za wauguzi na vitambaa vya kumpokelea mtoto. Vyote vyahitaji kitambaa kizito cha pamba kinachostahimili maji ya moto na mvuke, jambo ambalo fundi mzuri hulijua. Ningeongeza sodo za kufuliwa, kwa sharti kwamba mnunuzi aelezwe wazi: zifuliwe kwa sabuni na maji safi, zianikwe juani na si kufichwa chini ya godoro kwa aibu, maana unyevunyevu ndio unaoleta fangasi. Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) lina viwango vya sodo, na bidhaa za kufungia majeraha huandikishwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Usiruke hatua hizo. Ukiziruka, ipo siku muuguzi fulani atadondosha bidhaa yako ndani ya glasi ya maji.

Na ningeanza kwa kuuzia kliniki ndogo kama yangu, shule za kibinafsi na nyumba za kulea wazee, ambako mwenye pesa ndiye mwenye kalamu.

Jambo la nepi za kutupa linahitaji makala yake. Nitasema tu kwamba anayeishi karibu na Mto Nairobi anazijua, na wachimbaji wa vyoo wanazijua zaidi. Mswada wa fedha wa 2024 ulipotaja ushuru wa mazingira ambao ungegusa nepi na sodo, kina mama walipiga kelele, na mswada wote ukaondolewa mwezi Juni mwaka huo huo. Ni haki yao. Lakini uchafu ule bado uko mtoni.

Wewe ununuaye kwa matumizi ya nyumbani, kumbuka haya machache. Usiweke pamba moja kwa moja juu ya kidonda kibichi. Nyuzi zake hugandamana na nyama na kuzitoa ni mateso. Weka shashi kwanza, pamba juu yake. Pakiti isiyo na jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa matumizi iache dukani. Iliyochanika usiihesabu kuwa haina viini, hata kama imeandikwa hivyo kwa herufi kubwa. Na shashi iliyobaki baada ya kufungua pakiti si ya kuwekea kesho.

Yule mama fundi alikuja wiki iliyopita kupimwa. Presha yake imeshuka, ingawa si kwa kiasi ninachotaka. Aliniletea mashuka mawili ya kitanda changu cha uchunguzi, pindo limeshonwa mara mbili, akaniambia niyachemshe mara kumi kabla sijaagiza mengine. Nilimwambia nitachukua 12.

"Utalipa lini, daktari?" akaniuliza.

Nilimlipa kabla hajaondoka.